Usimeze hivyo vidonge usiku wa kuamkia pepa

Usimeze. Sijamaliza hata kusoma swali lako. Nimefika pale "mhudumu wa kemisti ameniambia nimeze viwili saa 4 usiku" na nimeanza kuandika. Hivyo vidonge vidogo vya manjano ulivyotiliwa kwenye bahasha ya khaki ni vya mafua na mzio. Klorofeniramini, miligramu 4 kila kimoja. Kazi yake ni kukausha pua. Usingizi ni madhara yake tu, na madhara hayasomi ratiba ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu.

Kwa wanaoingia sasa: mwenzetu wa Githurai ana pepa ya CPA, ile mitihani ya uhasibu, Jumatatu saa 3 asubuhi mjini. Msimu uliopita alilala masaa mawili tu, akaikosa hamsini ya kupita kwa alama chache. Anauliza ameze nini, ale nini asubuhi, kahawa anywe au aache, na kama asome ndani ya matatu. Dada, naanza na hilo la kumeza kwa sababu ndilo lililonilipisha ada ya pepa moja mara mbili. Mengine tukifika tutafika.

Wewe ni mhasibu, basi piga hesabu. Ukimeza saa 4 usiku, unaanza kulegea ndani ya saa moja hivi, lakini dawa hufika kilele kwenye damu baadaye, baada ya masaa mawili, matatu, hata zaidi. Tangu hapo inatoka kwa mwendo wa kobe. Kwa mtu mzima, nusu yake kwa kawaida huchukua zaidi ya masaa 12 kuisha, na wengi hukaribia 20. Kutoka saa 4 usiku hadi saa 3 asubuhi ni masaa 11. Maana yake unafungua karatasi ya maswali huku zaidi ya nusu ya dawa ingali ndani yako.

Na hiyo ni kama umemeza mara moja. Hakuna anayemeza mara moja. Saa 4 umemeza viwili. Saa 6 bado unahesabu misumari ya dari, kwa sababu wasiwasi wa pepa una nguvu kuliko dawa ya mafua. Unaamua dawa ni feki, unaongeza kimoja. Saa 8 unaongeza kingine. Sasa una miligramu 16 tumboni, na kilele cha kile cha mwisho kinagonga saa 10 na saa 11 alfajiri, wakati ule ule ambao mwili wenyewe umezama chini kabisa na simu yako imetegwa ikuamshe. Umeutafuta usingizi usiku kucha, ukaupata kwenye foleni ya Thika Road. Kondakta akikuamsha umeshapita steji.

Kwa nini inakuharibia hata kama huhisi usingizi? Ubongo hukaa macho kwa kutumia kemikali yake iitwayo histamini, pamoja na vitu vingine. Dawa za mzio za kizazi cha zamani hupenya hadi ubongoni na kuiziba. Haziishii hapo. Huziba pia asetilikolini, ambayo umakini na kumbukumbu huitegemea. Ndiyo maana mdomo unakauka, herufi za karibu zinaingia ukungu kidogo, na unasoma sentensi moja mara nne bila kuishika. Ubaya wake ni kwamba unaweza kujiona uko sawa kabisa. Unatembea vizuri, unasalimia msimamizi vizuri, unaandika jina vizuri.

Halafu swali la kwanza ni kuunganisha hesabu za kampuni mama na kampuni tanzu. Alama 20. Pepa ni masaa matatu, alama 100, kwa hiyo kila alama ina dakika 1.8 na swali hilo lina dakika 36, basi. Unanakili wadaiwa 2,540 unaandika 2,450. Mizania inakataa kusawazisha. Kichwa kizima kingeona tofauti ni 90, kikagawanya kwa 9, ikagawanyika bila baki, kikajua mara moja kwamba kuna tarakimu mbili zimepishana. Dakika mbili umemaliza. Kichwa cha klorofeniramini kinaanza kujumlisha upya kutoka juu. Kinapata jibu la tatu. Kinafuta. Dakika 36 zimekuwa 65, na swali la mwisho, lile la nadharia ambalo ungeandika hata ukiwa umefumba macho, linabaki na dakika 7. Hivyo ndivyo watu hufeli kwa alama chache. Walichokijua kiko kichwani bado, ila muda uliishia kwenye wadaiwa.

Sasa huyo wa kemisti. Koti jeupe, kalamu mbili mfukoni, na maneno yale yale, "hii ni nyepesi, hata watoto hupewa." Ni kweli hupewa. Mtoto mwenye mafua hapewi hesabu za kampuni tanzu saa 3 asubuhi! Alikuuliza pepa ni saa ngapi? Alikuuliza kama una shinikizo la macho, kama kuna dawa nyingine unatumia, kama utagusa pombe? Hakuuliza. Aliuliza kama una chenji. Mfamasia wa kweli hukuuliza unataka uwe macho saa ngapi kabla hajafungua kopo. Na wale wataalamu wa kikundi chenu cha masomo, yule wa "piga moja baridi ulale kama mtoto": pombe inakulaza haraka kweli, kisha inakukatakata usingizi nusu ya pili ya usiku na kukupeleka msalani mara tatu. Yule wa kugawa dawa za presha eti zinatuliza mkono, mwambie akae nazo. Mtu mwenye pumu akimeza propranololi, mojawapo ya dawa hizo, anaweza kubanwa kifua vibaya sana.

Kwa hiyo sheria ni moja. Usiku wa kuamkia pepa, kitu ambacho mwili wako haujakizoea hakipiti mdomoni. Kidonge, chupa, mizizi ya shangazi, chochote. Hata kile ambacho ni kizuri kweli, usiku huo si wa kukijaribia.

Utauliza, basi nisipolala je? Usipolala, hulali. Usiku mmoja mbaya, ukiwa umelala vizuri siku kadhaa kabla yake, unavumilika kuliko unavyodhani. Asubuhi ile woga wa pepa wenyewe hukuinua. Kinachopungua kwanza ni uvumilivu wa kazi ndefu ya kuchosha na uangalifu wa vitu vidogo. Ulichokielewa barabara hakifutiki usiku mmoja. Tena mtu anayeapa hakufumba jicho mara nyingi alisinzia vipande vipande bila kujua. Kwa hiyo ulale mapema kuanzia leo Alhamisi, uweke akiba, maana usingizi wa Ijumaa na Jumamosi utakubeba Jumatatu.

Kinachoua ni kukesha kwa kusoma. Kuna watafiti Australia walipima watu: ukikaa macho masaa 17 mfululizo, utendaji wako unashuka kama wa mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ukiamka saa 12 asubuhi, masaa 17 yanatimia saa 5 usiku. Wewe unapanga kusoma hadi saa 8. Alkoblo, kile kipima pombe cha polisi, haitakushika, lakini mtahini atakushika.

Jumapili yenyewe, funga vitabu saa 3 usiku. Usipande kitandani saa 2 eti ulale mapema kama kawaida yako ni saa 5. Masaa hayo ya jioni mwili uko macho kuliko unavyofikiri, na utajilaza tu ukijitisha. Panda saa yako ya kila siku. Simu itege kengele mbili, uilaze kifudifudi mbali na mkono, kwa sababu ukiona ni saa 7 na dakika 12 utaanza kutoa, "nikilala sasa nitapata masaa manne," na hesabu hiyo haijawahi kumlaza mtu. Ukikadiria zimepita dakika 20 hivi na hakuna kitu, shuka kitandani. Najua ni bedsita, hakuna chumba cha pili. Kaa kwenye kiti cha plastiki kando ya jiko, taa ndogo, fanya kitu cha kuchosha. Kunja nguo. Chambua maharagwe ya wiki. Noti usiguse. Macho yakiwa mazito rudi kitandani, yasipolala shuka tena. Kitanda kisizoee kuwa mahali pa kupigania usingizi.

Na ukilala chali tu ukiwa umetulia, ukajiambia "leo sitafuti usingizi, nakaa macho tu hapa gizani," mara nyingi wenyewe huja kwa kukasirika. Kama ploti yenu ina kesha Jumapili au jirani mwenye woofa, nunua viziba masikio vya sponji Jumamosi, uvijaribu Jumamosi hiyo hiyo. Hiyo sheria inahusu masikio pia. Hakikisha tu kengele unaisikia navyo.

Kahawa: kiasi chako cha kila siku, si zaidi. Ukizoea kikombe kimoja, kiwe kimoja, saa 2 na robo, ili kiwe kimefanya kazi unapoanza kuandika. Mkebe wa mililita 250 wa vile vinywaji vya nguvu huwa na kafeini ya miligramu 80 hivi, karibu sawa na kikombe cha kahawa. Ukichanganya vyote viwili na woga, mkono utatetemeka na utaomba ruhusa ya msalani mara mbili. Kama una pepa nyingine saa 8 mchana, ule muda wa katikati jilaze juu ya meza dakika 15 au 20 na kengele imetegwa. Usizidishe nusu saa, utaamka mzito kama gunia. Na baada ya saa 8 kahawa basi, maana nusu yake hukaa mwilini kama masaa matano na Jumanne una nyingine.

Ukiona umelala vibaya, anza na swali unalolijua zaidi, na kila tarakimu unayonakili iguse kwa kalamu mara mbili. Kama usingizi huu mbaya ni wa miezi, si wa pepa tu, muone daktari baada ya Ijumaa, si Jumapili usiku.

Chakula, kula ulichozoea. Hilo la matatu atakujibu mwingine, mimi nimeandika hadi chai imepoa. Hiyo bahasha ya khaki iondoe kando ya kitanda leo, iweke kabatini ingoje mafua.