Harufu ya uvundo kwenye matundu ya hewa ya gari: tafuta kwanza maji yanakokaa

Ndugu yetu ameuliza kwa nini gari lake linanuka uvundo kila anapowasha kiyoyozi, ingawa amekwisha kuosha viti na kupulizia manukato kwenye matundu. Nimeshughulika na tatizo hili kwenye magari yangu na ya jamaa zangu, na ninamshauri kwa moyo wote aache kununua manukato, kwa maana harufu hiyo hupitia tu kwenye matundu na chanzo chake kiko ndani zaidi.

Nyuma ya dashibodi kuna evaporeta, yaani kifaa cha alumini chenye mapezi membamba yaliyobanana, ambacho hupozwa na gesi ya kiyoyozi. Hewa yenye unyevu inapokigusa, mvuke wake hugeuka matone, na matone hayo hutiririka hadi kwenye mpira mdogo unaoyamwaga chini ya gari. Vumbi na chavua hunasa kwenye mapezi yaliyolowa, na gari linapozimwa, giza, joto na unyevu vikikutana humo, ukungu na bakteria huzaliana. Ndiyo maana uvundo huwa mkali dakika za mwanzo za kuwasha feni, kisha hupungua.

Hata hivyo, si kila harufu ya matunduni ni ukungu, na kabla ya kulipa fundi ni lazima uitambue. Harufu tamutamu, hasa ikiambatana na utando wenye mafutamafuta kwenye kioo cha mbele na maji ya rejeta yanayopungua, huashiria kwamba kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, inavuja kwenye hita, na kulanti ni sumu. Harufu ya petroli au ya moshi wa ekzosi isisubiri siku ya pili, kwa kuwa ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, ambayo yenyewe haina harufu na huua. Harufu ya waya kuungua ni kazi ya fundi umeme, na gari lizimwe mara moja. Harufu ya mzoga mara nyingi ni mzoga kweli: katika gari moja la jamaa yangu tulimkuta panya juu ya filta ya hewa, pamoja na kiota cha majani makavu na sponji.

Ikiwa umehakikisha kwamba ni uvundo wa unyevu, ichunguze filta ya hewa ya ndani, ambayo katika magari mengi iko nyuma ya droo ya dashibodi. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 15,000 hadi 20,000 au mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi penye vumbi jingi. Iliyolowa au kuwa nyeusi itupwe. Ile ya karatasi haioshwi.

Sehemu ambayo watu wengi huiruka, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote, ni ule mpira wa kumwagia maji. Washa kiyoyozi gari likiwa limesimama mahali pa wazi, siku yenye unyevu, kisha baada ya robo saa hivi tazama chini. Usipoona matone, na zulia la upande wa abiria likawa limelowa, mpira umeziba na maji yanatuama chini ya evaporeta. Hapo dawa yoyote utakayopuliza itakuwa kazi bure. Uzibue kwa kupuliza upepo taratibu kutoka chini, wala usichokonoe kwa waya mrefu wenye ncha, kwa sababu evaporeta iko karibu na ikitobolewa gharama yake ni kubwa. Ondoa pia majani yaliyorundikana chini ya waipa, mahali hewa ya nje inapoingilia.

Baada ya hapo ndipo usafishe evaporeta kwa povu maalumu, ukiliingiza kupitia mpira huo au nafasi ya filta kama maelekezo ya kopo yanavyosema, huku injini imezimwa na povu likiwa mbali na nyaya. Likisha kutiririka, endesha feni kwa kasi bila kiyoyozi, milango ikiwa wazi, na filta mpya iwekwe mwisho kabisa ili isinyonye uchafu uliotoka. Jiki isitumike kamwe, kwani hula alumini na mvuke wake hudhuru mapafu.

Ili uvundo usirudi, zima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika uendako na uache feni ikizunguka kwa hewa ya nje, ili mapezi yakauke. Kuzungusha hewa ya ndani muda wote hukusanya unyevu wa pumzi na wa nguo zilizolowa. Tumia hali hiyo kwenye vumbi au foleni yenye moshi, kisha urudishe hewa ya nje.

Ukiyafanya haya yote na harufu ikabaki, inua zulia la upande wa abiria na ubonyeze sponji nene iliyo chini yake. Zulia linaweza kuwa kavu kwa juu huku sponji hiyo imejaa maji, na haitakauka kwa kufungua madirisha peke yake. Itolewe, ianikwe hadi ikauke kabisa, na ikiwa imeota ukungu ibadilishwe.