Mota ya hp 5 na jenereta ya kVA 5

Swali: Nina pampu ya maji yenye mota ya hp 5, fezi tatu, volti 400. Nikizidisha 5 kwa wati 746 napata kW 3.73. Je, jenereta ya kVA 5 itaiendesha?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, ingawa hesabu yako ni sahihi. (Ukikutana na wati 735.5, hiyo ni nguvu ya farasi ya kipimo cha metriki, inayotumika sana kwenye injini za magari. Kwa mota za umeme shika 746.)

Tatizo ni kwamba hp iliyoandikwa kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia. Hata kibati kikiandikwa kW, maana ni ileile. Sehemu ya umeme hupotea kama joto ndani ya mota. Tuseme ufanisi wake ni asilimia 85: gawanya 3.73 kwa 0.85, unapata kW 4.39. Jenereta nayo hupimwa kwa kVA, kwa hiyo gawanya tena kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi), tuseme 0.8. Sasa ni kVA 5.5, yaani ampea 7.9 hivi kwa kila fezi. Jenereta yako imeshazidiwa, na hiyo ni hesabu ya mota ikiwa imeshaanza kuzunguka kawaida.

Kasheshe liko kwenye kuwasha. Mota ikiwashwa moja kwa moja hufyonza mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida, kwako ampea 40 hadi 55 kwa sekunde chache. Volti hushuka, kontakta (swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota) huanza kugonga-gonga, na mota inaweza kukwama ikiunguruma hadi waya zake ziungue. Kwa uwashaji huo mimi sishuki chini ya kVA 15.

Nyota na delta ni namna mbili za kuunganisha waya za mota. Stata ya nyota-delta, inayowasha mota kwa nyota kisha kuihamishia delta, hupunguza mkondo wa kuwasha hadi theluthi, na pampu ya aina ya sentrifugo huiweza kwa sababu huanza na mzigo mwepesi. Lakini soma kibati kwanza. Kikisema 230/400 (delta volti 230, nyota volti 400), mota hiyo kwenye volti 400 hufungwa nyota tu. Ukiipeleka delta utaiunguza. Nyota-delta inataka mota ambayo delta yake ni volti 400. Ufanisi na pawa fakta pia vichukue hapohapo kwenye kibati, uviweke badala ya makadirio yangu.