Je, Mali Ndiyo Iliyoniondolea Ladha ya Uradi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nilipokuwa nachuuza mitumba, nilikuwa nikikaa na uradi wangu, yaani dhikri ninayoisoma kila siku, baada ya Alfajiri hadi jua lichomoze, moyo umetulia. Sasa nina maduka, na kila nikishika tasbihi fikra inakimbilia kontena langu bandarini, au simu inaita kutoka kwa wakala wa Guangzhou. Je, niuze biashara ili niipate tena ladha ile?

JAWABU: Waalaykum salaam warahmatullah. Hukuamrishwa kuuza. Katika Suratun Nur, aya ya 37, Mwenyezi Mungu amewasifu watu ambao biashara haiwashughulishi wakaacha kumtaja, yaani wafanyabiashara hasa. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kabla ya kushukiwa na wahyi, alikuwa akijitenga katika pango la Hira siku kadhaa na masurufu yake, kisha hurejea kwa Bi Khadija, mfanyabiashara tajiri wa Makka, kuchukua mengine. Wala ufukara hauleti utulivu wenyewe, ingawa baadhi ya wahubiri wetu hupenda kusema hivyo: asiyejua watoto watakula nini jioni naye hupotewa na hesabu ya rakaa.

Hata hivyo, dalili uliyoitaja si ndogo. Imam Malik amepokea katika Muwatta, kitabu chake cha hadithi, kwamba Abu Talha al-Ansari (r.a.) alikuwa akiswali katika bustani yake, akaruka ndege aliyehangaika kutafuta pa kutokea kwa jinsi matawi yalivyosongamana, Abu Talha akapendezwa, akamfuata kwa macho, na alipoirudia swala yake hakujua ameswali rakaa ngapi. Akaenda kumweleza Mtume (s.a.w.) yaliyompata, na bustani ileile iliyomwingilia swala akaitoa sadaka.

Kwa hiyo anza na hilo kontena. Hakikisha kwanza kwamba zaka ya bidhaa zako, asilimia 2.5, hutolewa kila mwaka kwa hesabu ya kweli, kisha utie nia ya fungu la sadaka katika shehena hiyohiyo kabla haijatoka bandarini. Ama wakala, saa kumi na moja na nusu alfajiri ya huku, kwake ni saa nne na nusu asubuhi, yumo kazini. Mwambie asubiri jua lichomoze. Katika muda huo shika tasbihi (Subhanallah) 33, tahmidi (Alhamdulillah) 33 na takbiri (Allahu Akbar) 33, ambazo Mtume (s.a.w.) aliwafundisha mafukara wa Muhajirina, waliohama Makka kwenda Madina, walipolalamika kuwa matajiri wamewatangulia kwa sadaka, na matajiri waliposikia nao wakazishika.

Wallahu aalam.