Ulimi umetangulia, mkono uko nyuma

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mbona mashine inazungumza vizuri hivi, halafu ikipewa kikombe inakiangusha? Tumechagua tano.

Swali: Ndugu wahariri, akili mnemba inaniandikia barua ya kazi kwa sekunde chache. Kwa nini basi sipati roboti ya kunikunjia nguo? Nilidhani hiyo ndiyo kazi rahisi.

Jibu: Ni rahisi kwako, ndugu, kwa sababu mwili wako umeifanyia mazoezi tangu utotoni. Hans Moravec, mtaalamu wa roboti, aliliandika jambo hili mwaka 1988: kuifanya kompyuta icheze drafti kama mtu mzima si kazi kubwa ukilinganisha na kuipa uwezo wa kuona na kutembea alio nao mtoto wa mwaka mmoja.

Sababu kubwa ni chakula cha mafunzo. Modeli za lugha za leo, yaani programu za akili mnemba zinazoandika, zilizojengwa juu ya muundo wa programu uitwao transfoma (si ile ya umeme) uliotangazwa mwaka 2017, hujifunza kwa kukisia neno linalofuata, tena na tena, mara mabilioni. Maandishi ya kujifunzia yalikuwepo tayari, watu wameyarundika kwenye intaneti kwa miaka mingi. GPT-3, modeli ya lugha ya mwaka 2020 yenye vigezo bilioni 175, yaani namba za ndani zinazorekebishwa wakati wa kujifunza, ilipitishwa kwenye vipande vya maneno bilioni 300. Sasa tafuta rundo kama hilo la nguvu za vidole. Halipo. Video ya mtu anayekunja shati inaonyesha vidole vilikokwenda, lakini haisemi vilibana kwa nguvu kiasi gani, wala kitambaa kilianza kuteleza wakati gani. Data hiyo lazima itengenezwe kwa jasho: mtu anaongoza mikono ya roboti, kamera na mota zinarekodi, na saa moja ya kazi inazaa saa moja tu ya data.

Halafu kuna shati lenyewe. Likitupwa mezani halina umbo moja. Ukosi umejificha chini ya mkono, na hutajua uko wapi mpaka uliinue. Neno likikosewa linafutwa, lakini shati likivutwa vibaya tatizo limebadilika na kuwa jingine.

Hata hivyo kuna hatua ya kweli. Mwaka 2023 Google DeepMind ilionyesha RT-2, modeli iliyosoma picha na maandishi ya intaneti kisha ikafundishwa kutoa amri za mkono wa roboti kana kwamba ni maneno. Iliweza kushughulikia vitu ambavyo haikuviona kwenye mafunzo ya roboti. Miondoko mipya haikupata. Ilichopata ni ufahamu mpana zaidi wa mahali pa kuitumia ile iliyokuwa nayo. Kwetu sisi, hatua hiyo ina uzito kuliko video yoyote ya roboti inayopiga sarakasi.

Swali: Je, naweza kuendesha modeli ya lugha kwenye kompyuta yangu ya RAM GB 8, bila intaneti?

Jibu: Unaweza, lakini piga hesabu kwanza. Kila kigezo kikihifadhiwa kwa biti 16 kinakula baiti 2, kwa hiyo modeli ya vigezo bilioni 7 inataka GB 14. Ndiyo maana hupunguzwa hadi biti 4 hivi kwa kigezo, na faili linabaki GB 4 na ushei. Mfumo wa kompyuta nao unashika GB 3 au zaidi, na mazungumzo yakirefuka yanadai nafasi yake. Kwa hiyo kwa GB 8, modeli ya bilioni 7 itabanwa kooni. Chukua ya bilioni 3, kama GB 2, uiendeshe kwa programu kama llama.cpp, na funga kivinjari kabla ya kuanza. RAM ikijaa, kompyuta huanza kuazima nafasi kwenye diski, na hapo utasubiri kila neno kama unasubiri mvua.

Kasi nayo inahesabika. Ili kutoa kipande kimoja cha neno, mashine husoma karibu modeli nzima kutoka kwenye RAM. Kijiti kimoja cha RAM cha aina ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 4 haliwezi kuvuka vipande 6 hivi kwa sekunde, hata prosesa iwe kali namna gani. Ukiongeza kijiti cha pili cha aina ileile, njia inapanuka maradufu. Kiswahili kitakwenda polepole zaidi kuliko Kiingereza: neno kama “hatutawasahau” hukatwakatwa vipande kadhaa, kwa kuwa modeli nyingi zilisoma Kiswahili kidogo.

Swali: Niliiomba akili mnemba initajie vitabu vitano vya somo langu. Viwili havipo duniani! Inadanganya kwa nini?

Jibu: Haikufungua orodha yoyote, dada. Ilitunga majina yanayofanana na majina ya vitabu vya somo hilo, kwa njia ileile inayotungia sentensi sahihi. Wengine watakushauri ushushe kipimo cha ubunifu (temperature) hadi sifuri. Hilo huifanya ichague neno lenye uwezekano mkubwa kila mara, na neno lenye uwezekano mkubwa laweza kuwa la uongo vilevile. Kinachosaidia ni kuipa maandishi yenyewe, kuitaka ikunukulie sentensi iliyotegemea, kisha wewe uitafute sentensi hiyo kwa macho yako.

Swali: Nimeunda mkono wa roboti wenye mota nne za SG90, zile ndogo zinazogeukia pembe unayoziamuru, na bodi ya Arduino Uno inayoziongoza. Unatetemeka, kisha bodi inajizima na kuanza upya. Programu nimeikagua mara kumi.

Jibu: Achana na programu, angalia waya nyekundu. Bila shaka zote nne umezichomeka kwenye tundu la 5V la bodi. SG90 ikikwama, au sekunde inapoanza kusukuma mzigo, huvuta hadi ampea 0.7 hivi. Nne kwa pamoja zinakaribia ampea 3, na bodi inayolishwa kwa USB ina fyuzi ya ampea 0.5. Volti zinaanguka, bodi inazimika kwa kufumba na kufumbua, inawaka, na jambo la kwanza inaloamuru ni mota zote zirudi mwanzo kwa pamoja. Volti zinaanguka tena.

Tafuta chanzo cha volti 5 chenye ampea 3 au 4 kwa ajili ya mota peke yake. Betri ya mraba ya volti 9 haifai: volti inazo, ampea haina. Unganisha hasi ya chanzo hicho na hasi ya bodi. Wengi husahau hapa, na bila hasi ya pamoja ishara haina pa kupimiwa, mota itatetemeka hata umeme ukiwa tele. Karibu na mota weka kapasita ya mikrofaradi 1000, volti 10 au zaidi, mguu wenye mstari ukielekea hasi. Ukiugeuza itavimba na kupasuka. Kisha weka mita ya volti kwenye waya za mota wakati mkono unakwenda. Ikishuka chini ya volti 4.5, waya zako ni nyembamba au chanzo ni dhaifu.

Katika programu sogeza mota digrii moja moja, ukipumzika milisekunde 15, na usizipeleke hadi digrii 0 au 180. Nyingi hugonga ukingo wa ndani kabla ya hapo, zinanguruma na kuchemka. Kaa kati ya 10 na 170.

Kama kiwiko bado kinalegea, tatizo ni uzito. SG90 ina nguvu ya kilo 1.8 kwa sentimita 1. Kwa mkono wa sentimita 10 inakwama kwenye gramu 180. Tumia theluthi tu, yaani gramu 60, pamoja na uzito wa mkono wenyewe.

Swali: Mkono huohuo wa SG90, naweza kuufundisha kwa kuuonyesha badala ya kuandika kila hatua?

Jibu: Huo hapana. SG90 inapokea amri lakini haikuambii iko wapi, kwa hiyo ukiusogeza kwa mkono hakuna kinachorekodiwa. Unahitaji mota zinazojibu, kama Feetech STS3215, inayogawa mzunguko mmoja nafasi 4096. Mkono wa SO-100, ambao michoro yake iko wazi kwa kila mtu, hutumia sita za aina hiyo, na hujengwa wawili: mmoja unauongoza wewe, wa pili unauiga.

Anza na maonyesho 50 ya kazi moja: kitu kikae sehemu tano tofauti, mara 10 kila sehemu. Kamera ifungwe kwa skrubu, maana ikisogea upana wa kidole baada ya kurekodi, mkono utashika hewa. Taa iwe ileile, na kivuli chako kisiingie kwenye picha. Ukisitasita, roboti itajifunza kusitasita. Na kabla ya kurekodi, geuza uso usiione meza, fanya kazi yote ukitazama picha ya kamera tu. Ukishindwa, ongeza kamera ya pili kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu modeli nayo haitaona zaidi ya hapo.