Barua kwa Mwanangu: Nesi Ndiye Aliyeuliza

Mwanangu,

Kurasa ulizozipiga picha nimezisoma zote, nyingine mara mbili kwa sababu kidole chako kimeziba pembeni. Hatujambo hapa. Mama yako mkubwa magoti bado yanamsumbua, mdomo hauna tatizo.

Umeniuliza jambo moja. Katika ile hadithi ya yule Mmarekani, Eudora Welty, mliyopewa chuoni, A Worn Path, mjukuu wa yule bibi anayekwenda mjini kwa miguu kumchukulia dawa yuko hai au amekwisha kufa? Unasema darasa limegawanyika, na mwalimu anataka insha kuhusu uvumilivu na ishara katika safari ya bibi huyo. Wewe unataka nikuambie usimame upande upi.

Nitakufikisha huko. Kwanza niachie huo uvumilivu wenu. Unalijua neno langu, nimelisema nyumbani mpaka marehemu baba yako alikuwa akilimalizia kabla yangu: wanaosifu miguu ni waliopanda gari. Anayetembea hana habari na uvumilivu, anaangalia pa kukanyaga. Msome tena bibi huyo, Phoenix Jackson. Anatoka asubuhi ya Desemba, ardhi imeganda kwa baridi, fimbo yake imetengenezwa kwa mwavuli, kamba za viatu zinaburuta. Mwiba unalishika gauni lake, naye anahangaika kujinasua bila kulichana. Anavuka kijito juu ya gogo, macho kayafumba. Anapita chini ya seng'enge kwa magoti. Shambani anaona mzimu unacheza, kumbe ni sanamu ya kutishia ndege, basi anaicheka na kuicheza. Muda wote anaongea, anawaamuru sungura na mbweha wampishe njia. Kwani huyo anavumilia? Huyo ana shughuli zake.

Ishara zipo, sizikatai. Nimesahihisha insha za ishara miaka yote ya kazi. Jina lake ni la yule ndege wa hadithi za kale anayeteketea kisha anainuka tena katika majivu yake, na mwandishi hakuliokota njiani. Bibi yule anakwisha kila safari na kila safari anaondoka upya. Liandike hilo, utapata maksi. Andika pia kwamba mwenyewe anasema vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule Marekani, vile vilivyomaliza utumwa, vilipokwisha, 1865, alikuwa tayari mkubwa mno kuanza shule, kwa hiyo hesabu mwenyewe alizaliwa katika hali gani. Ila gogo usilifanye ishara kabla hujalivuka. Wanafunzi wangu walikuwa na haraka hiyo, wakifika upande wa pili hawajalowa hata kisigino.

Kilichonikera ni yule mwindaji Mzungu. Anamtoa bibi mtaroni, sawa, ahsante yake. Halafu anamcheka, anamwambia nyinyi wazee weusi hamkosi kwenda mjini kumwona Baba Krismasi, rudi nyumbani. Anamwelekezea bunduki aone kama ataogopa. Kisha anasema angempa senti kumi kama angekuwa na pesa, na wakati huo senti tano yake imeshamdondoka na imeshaingia kwenye mfuko wa aproni wa bibi! Hapo nilicheka peke yangu mpaka mjukuu wangu akaja kuchungulia. Bibi anajishtaki mwenyewe kwamba Mungu alikuwa anamwona na amefikia kuiba. Wizi ni wizi, ndivyo nilivyowalea. Lakini mtu aliyekuelekezea mtutu wa bunduki kwa mzaha, sarafu yake ikakufuata... Hapana, wizi ni wizi. Ila sitamhesabia.

Sasa njoo kwenye zahanati, maana swali lako liko pale. Bibi anafika, anakaa wima kitini, kimya, hajui tena kilichomleta. Njia yote aliijua kwa miguu, kufika ndiko kulikomchanganya. Nesi anamuuliza koo la mjukuu wake linaendeleaje: ni yule mtoto aliyekunywa magadi makali, yale ya kostiki ya kutengenezea sabuni, koo likaungua. Jeraha la namna hiyo likipona huacha kovu linalobana, mtoto akawa kila baada ya muda hawezi kumeza. Bibi bado kimya. Nesi anachoka kungoja, anamtaka aseme upesi habari za mtoto wamalize, kisha anauliza: hajafa, au amekufa?

Umeona aliyeuliza? Swali lako, na la darasa zima, ni la nesi. Katika hadithi nzima hakuna mwingine anayeliuliza. Mwindaji halijui, yule mama wa barabarani aliyemfunga bibi kamba za viatu halijui, bibi mwenyewe hana haja nalo. Linaulizwa na mwenye daftari, anayetaka kujua aandike nini kwenye mstari.

Nililisoma usiku, nikaiweka simu chini. Wewe ya mjomba wako unayajua, lakini hii ya dirishani sidhani kama niliwahi kukusimulia vizuri.

Ilikuwa ile miaka ya shida baada ya vita vya Kagera, dizeli hakuna, sabuni hakuna, basi la kutoka kwetu mlimani likipita leo hujui litapita tena lini. Mjomba wako alikuwa na kifafa tangu utotoni, na vidonge vyake vya fenobabitoni vilipatikana bondeni tu. Dawa ile haikatizwi. Ukiikatiza ghafla, kifafa hurudi kwa mfululizo, kimoja hakijaisha kingine kimeanza. Bibi yako alilijua hilo bila kusomea. Kila mwezi alishuka. Mara ile shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda naye.

Tuliondoka kabla ya alfajiri, ukungu umelala kwenye miwati, tukafuata njia ya mkato inayokata kona za barabara ya Soni kwenda Mombo. Kichwani alibeba kikapu cha peasi za kuuza barabarani apate pesa ya chumvi. Katambuga zake alizishika mkononi mteremko wote, akazivaa tulipofika kwenye lami, kwa sababu mjini, alisema, mtu anaingia na viatu. Kule chini joto lilitupokea na harufu ya mkonge. Foleni ilikuwa ndefu, tukasimama.

Dirishani alikuwa kijana mwenye koti jeupe, anaandika. Bibi akasukuma kadi. Kijana akaisoma bila kuinua kichwa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: "Huyu wa kifafa bado yupo? Hajafa?"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya, walikuwa wamechoka kusimama. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Hata leo nikiisikia sauti ile moyo wangu unakaza, na sasa nimezeeka kuliko Bibi alivyokuwa siku ile.

Bibi akasema, "Hajambo, mwanangu. Kasema nikusalimie sana."

Kijana akainua kichwa. Angefanyaje? Salamu ikishaletwa sharti ijibiwe. Akasema, "Mwambie nimezipata."

"Nitamwambia. Kauliza na hali yako."

"Mimi mzima."

"Na wazazi?"

"Wazima."

"Na hapa kazini?"

"Tunashukuru, Bibi."

Foleni nzima ikangoja mpaka zilipokwisha, hakuna aliyenung'unika. Vidonge vikafungwa kwenye kipande cha gazeti. Bibi akakaa kwenye benchi, akavihesabu kimojakimoja, akavifunga kwenye pindo la kanga, tukaanza kupanda.

Unamjua mjomba wako, hakuwa na habari na kijana yeyote wa bondeni. Lakini jioni ile Bibi alikaa karibu naye jikoni akamwambia, kwa uso mkavu kabisa, "Kijana wa dawa anakusalimu." Mjomba wako akaitikia. Mwezi uliofuata akamtuma kweli: msalimie kijana wa dawa. Ikawa desturi, wawili wasiowahi kuonana wanapelekeana salamu mlima mzima, na Bibi katikati. Alipoulizwa na majirani kwa nini hachoki, alijibu kwamba ana ujumbe. Ndiyo maana nakuambia, wanaosifu miguu ni waliopanda gari. Bibi angesikia anaitwa mvumilivu angeuliza nani kamsema.

Hapo ningefunga barua, kama kusingekuwa na ule mwezi mwingine.

Mjomba wako alipoangukia mtoni, tukamzika, arobaini ikapita. Siku ya kwenda bondeni ilipofika Bibi aliamka kabla ya alfajiri, akachukua katambuga na kadi, akashuka. Hakuaga. Alirudi magharibi imeshaingia, akanawa miguu, akasema, "Kijana wa dawa anawasalimu." Akaingia kulala.

Tangu siku ile familia yetu ni kama darasa lako. Mama yako mkubwa anashikilia kwamba akili zilimruka kwa msiba, miguu ikampeleka yenyewe. Mjomba wako wa Korogwe anasema alikwenda kurudisha kadi na vidonge vilivyobaki, maana Bibi hakupenda kukaa na kitu cha watu. Lakini kadi tuliikuta kwenye kasha lake alipofariki. Basi kama hakuirudisha, alimwambia nini yule kijana? Alimpa habari ya msiba? Au kijana aliuliza hali ya mgonjwa, naye akasema hajambo, anakusalimia?

Unaona ninavyojikwaa. Nimetoka kukuambia swali ni la nesi, na mimi miaka yote hii nimekuwa nikiliuliza lilelile kumhusu mama yangu mzazi. Labda si la nesi peke yake. Labda anayebaki nyumbani naye hulazimika kuliuliza, maana hajatembea. Au namtetea Bibi kwa kuwa ni wangu? Mama yako mkubwa anasema ndiyo.

Mwandishi mwenyewe walimwandikia sana juu ya hilo, wanafunzi na walimu wao. Hadithi ilitoka 1941, na mwaka 1974 akaona bora aandike makala nzima ambayo kichwa chake ndicho swali lako. Anasimulia kwamba yote yalianza kwa kumwona bibi mzee wa namna hiyo, kwa mbali, akipita peke yake kwenye mashamba wakati wa baridi. Hakujua aendako. Akamtungia safari, na akaona safari ya mtu yule haiwezi kuwa ya jambo dogo, lazima iwe ya mtoto. Kuhusu mjukuu, anasema yeye kama mwandishi anatembea pamoja na Phoenix, hivyo hana budi kuchukulia mtoto yu hai. Anaongeza kwamba la hakika katika hadithi ni kuwa Phoenix yu hai. Mimi nilipolisoma hilo zamani, nikiwa bado kazini, niliona anakwepa. Jana usiku sikuona hivyo.

Utasema nami nakwepa. Ninao uamuzi wangu kuhusu yule mjukuu, ninao na kuhusu kadi ya Bibi, na mkono unaniwasha kuuandika hapa. Lakini insha ni yako, na nikikupa utaandika "kama mama yangu asemavyo", nakujua. Soma tena pale zahanati, taratibu, kuanzia bibi anapokumbuka. Sikiliza anavyomweleza mjukuu wake: mdogo, kajifunika shuka dogo la viraka, mdomo wazi kama kinda la ndege. Na uangalie kwamba daktari alisema maadamu anakuja kuchukua dawa, atapewa. Nesi anasoma kwenye kadi na kutia alama kwenye daftari. Hakuna aliyeandika hapo kwamba mgonjwa aletwe aonekane.

Halafu ile sarafu ya pili. Anapewa senti tano ya Krismasi, anaitoa na ile ya mwindaji, anaziweka pamoja kiganjani, anaamua atamnunulia mtoto kile kitu cha kuchezea cha karatasi kinachozungushwa na upepo. Hadithi inamwacha anashuka ngazi. Mwalimu wako atataka ishara ya kile kitu, na utaipata bila taabu. Mimi nataka unijibu jepesi zaidi: mtu anayejua kwamba hakuna mtoto nyumbani, angezitumia senti zake zote kwa karatasi? Na asiyejua, je? Na anayejua lakini bado ana ujumbe wa kupeleka?

Usinijibu kwenye simu, mama yako mkubwa husikiliza. Andika insha, nitumie kabla hujaikabidhi nikuangalizie koma zako. Nauli ya likizo nitaituma mwisho wa mwezi. Usipande basi la usiku.

Wasalaam,
Mama