Ng'ombe wamekula zabibu zako: dai fidia bila kujitia kwenye jinai

Kumdai mwenye ng'ombe walioharibu shamba la zabibu hapo Hombolo, Dodoma, ni haki yako. Mwite afisa ugani athamini hasara, hesabu mashina, piga picha, kisha andika barua: kiasi, hesabu yake, siku 14 za kulipa, "usipolipa nitafungua madai mahakamani." Hilo ni halali.

Ukiandika "lipa milioni tatu, la sivyo nakushtaki polisi kwa wizi" au "naanika siri zako kwenye grupu la kijiji", umeingia kwenye kosa la Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16: kudai mali kwa vitisho. Deni la kweli halikuokoi kirahisi, kwa sababu tishio la namna hiyo halihusiani na hasara yako. Kama kuna jinai, ripoti tu, usiifanye kitu cha kubadilishana na malipo. Na tafadhali, malipo yaandikiwe hati mbele ya mtendaji.