Nimonia ya kichanga: mambo ya kujua kabla ya zamu ya kwanza

Unayeanza wodi ya watoto wachanga, ile nimonia uliyoizoea kwa watu wazima, yenye homa kali na kikohozi, usiitafute hapa. Kichanga wa siku tatu anaweza kuwa na bakteria mapafuni na asikohoe hata mara moja. Mama atakwambia tu kwamba tangu alfajiri mtoto hanyonyi vizuri, analala mno. Chukua kauli hiyo kwa uzito hata kama kipimajoto kinasoma 36.8.

Chanzo ni kinga yake. Nutrofili, seli nyeupe zinazotangulia kufika penye bakteria, anazo, lakini akiba iliyoko kwenye uboho ni ndogo, na zilizo kwenye damu ni wavivu wa kushika ukuta wa mshipa na kupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Maambukizi yakikolea, akiba inakwisha upesi. Kwa hiyo nutrofili chache kwa kichanga zinatisha kuliko nyingi. Saa za mwanzo baada ya kuzaliwa seli nyeupe hupanda zenyewe, hata zikakaribia 30,000 kwa mikrolita, bila ugonjwa wowote. Jumla hiyo peke yake isikupoteze: omba maabara wahesabu nutrofili changa, na zikizidi moja ya tano ya nutrofili zote, shuku maambukizi.

CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukipambana na maambukizi, nayo ina mtego wake. Ini huanza kuitoa kwa wingi saa 6 hadi 12 baada ya maambukizi kuanza, hivyo kipimo cha mapema kikiwa kizuri hakijamsafisha mtoto. Rudia baada ya saa 24.

Kuna pia kingamwili za mama. Aina ya IgG hupita kwenye kondo la nyuma, lakini nyingi huvuka katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Aliyezaliwa wiki ya 29 ameukosa mgao mkubwa. Aina ya IgM haivuki kabisa, na protini za komplementi, zinazosaidia kuua bakteria kwenye damu, ziko karibu nusu ya zile za mtu mzima, ndiyo maana bakteria kama E. coli na Klebsiella humwelemea haraka. Maziwa ya mwanzo yana kingamwili nyingi za aina ya IgA, basi msaidie mama kuyakamua hata kama mtoto hawezi kunyonya. Akipumua kwa shida sana, kulisha kusubiri kwanza.

Kupumua kuhesabiwe sekunde 60 kamili, kifua kikiwa wazi na mtoto ametulia. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne utakosea, kwa kuwa kichanga hupumua kwa kasi, akatua kidogo, akaendelea. Ukipata 60 au zaidi, hesabu tena. Kifua kikibonyea sana ndani, au akiguna kila anapotoa pumzi, usisubiri hesabu ya pili. Kuguna ni juhudi ya kubana koo ili vifuko vya hewa visijifunge, na juhudi hiyo inamchosha. Joto chini ya 35.5 ni hatari sawa na 38 kwenda juu. Wengi hukimbilia kumfunika mtoto na kusahau kujiuliza kwa nini amepoa.

Chukua damu ya kuotesha, angalau mililita 1, kabla ya dawa. Mshipa ukigoma, dawa isicheleweshwe. Wiki ya kwanza ampisilini ni miligramu 50 kwa kilo kila saa 12, na jentamisini miligramu 5 kwa kilo mara moja tu kwa siku, au 3 kwa aliyezaliwa na uzito mdogo. Jentamisini ndiyo inayoleta makosa mengi. Kichupa cha miligramu 80 kina mililita 2. Mtoto wa kilo 2 mwenye uzito mdogo anahitaji miligramu 6, yaani mililita 0.15, kipimo ambacho mkono ukiteleza kidogo unamzidishia. Ongeza mililita 6 za maji ya sindano ili kila mililita iwe na miligramu 10, kisha vuta 0.6. Andika saa uliyompa, maana dozi hurudiwa kimakosa zamu zinapobadilishana.

Pima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mpe dekstrosi ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo, polepole kwenye mshipa. Oksijeni ianze nusu lita kwa dakika kwa mirija ya puani. Kwa njiti lenga oksijeni ya damu ya asilimia 90 hadi 95, wala usiiachie ikae 99, kwani retina zao huharibika.